Uliza, Ujibiwe: Machipukizi ya mtama, josho, na safari ya mnadani

Swali: Mtama umevunwa, mvua ya mwisho ikanyesha na visiki vimechipua vizuri. Asubuhi kijana aliwatoa ng'ombe 40 bomani na kuwaingiza moja kwa moja shambani. Haikupita nusu saa, wawili wakaanguka na kufa. Wazee wanasema nyoka. Lakini jirani huchungia kwenye uwele wake na hapati shida.
— Msomaji, Chamwino

Jibu: Pole sana. Nyoka wa kuua wawili kwa mpigo ni adimu. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni mtama wenyewe. Mtama mchanga, unaochipua kisikini au ulionyauka kwa jua, una kitu ambacho kikitafunwa hutoa sumu ya sayanaidi. Damu inabaki na hewa yake lakini mwili unashindwa kuitumia. Ndiyo maana mnyama anahema kama amekimbizwa, anatoa mate, anatetemeka, kisha anadondoka. Mfunue mdomo: ufizi unakuwa mwekundu wa kung'aa, haukupauka. Uwele hauna sumu hiyo.

Kosa la kijana wako ni saa aliyowaingiza. Ng'ombe aliyelala na njaa hubugia, na sumu nyingi huingia mwilini kwa pamoja. Washibishe kwanza nyasi kavu, na hata hivyo wasiguse mtama usiozidi sentimita 60, yaani juu kidogo ya goti la mtu mzima. Mabua yaliyokauka kabisa, ya rangi ya majani makavu, hayana neno. Tiba ipo, sodiamu thaiosalfeti ya kuchoma mshipani, ila ni kazi ya daktari wa mifugo, na mara nyingi hafiki kwa wakati. Ukiona mmoja anayumba, wa kuwahi ni wale waliobaki: watoe shambani wote, taratibu, bila kuwakimbiza.

Swali: Tunaogesha ng'ombe kila wiki na kupe hawaishi. Juzi ndama alitoka joshoni akaanza kutetemeka, jioni akafa.
— Msomaji, Bahi

Jibu: Kuna uwezekano mkubwa ndama alikuwa na kiu akanywa dawa. Wanyweshe kabla, wapumzike kivulini kama saa moja, kisha waogeshe asubuhi kabla ya jua kali. Mvua ikinukia, ahirisha.

Kuhusu kupe, angalia mambo mawili. Dawa hutuama chini usiku. Ng'ombe kumi wa mwanzo ndio wanaoikoroga, nao wenyewe huoga maji matupu. Warudishe mwishoni. Halafu kila ng'ombe hutoka na dawa kwenye manyoya, kwa hiyo wasimame kwenye sakafu ya kuchuruzia mpaka matone yakome, dawa irudi shimoni. Mnapojazia maji, jazieni na dawa kwa kipimo cha kujazia kilichoandikwa kwenye kopo. Wengi hujazia maji tu kisha wanalaumu dawa ya siku hizi.

Kupe wa ndani ya sikio, anayeleta ndigana kali, humfikii kwa josho peke yake. Paka dawa kwa mkono masikioni na chini ya mkia. Kila asubuhi pitisha vidole chini ya masikio ya ndama: tezi ikivimba na mwili una joto, usingoje kesho.

Swali: Nina ng'ombe 30 wa kupeleka mnada wa Kizota, mwendo wa kilomita 60. Mwanangu ameona makaboi kwenye televisheni, anasema tukipata farasi tutafika kwa siku moja.
— Msomaji, Kongwa

Jibu: Mwambie mwanao kwamba hao makaboi, walipoanza kuswaga ng'ombe kutoka Texas kwenda kupandisha treni Abilene, Kansas, mwaka 1867, walikwenda kilomita 16 hadi 24 kwa siku, wakichunga njiani. Mbio ni za filamu. Kukimbiza ng'ombe ni kumwaga kilo ulizozilisha mwaka mzima. Na farasi huku kwetu ana adui yake, homa ya farasi inayoenezwa na vijidudu vinavyouma usiku.

Panga siku nne. Anza kwa afisa mifugo: heleni za utambulisho za masikioni, kibali cha kusafirisha na njia iliyoruhusiwa. Ondoka saa kumi na mbili alfajiri, saa nne wapumzishe na kuwachunga, endelea saa tisa, laza kabla ya giza. Watu watatu wanatosha: mmoja mbele, na huyo ndiye anayeshika mwendo, mmoja ubavuni upande wenye mashamba, mmoja nyuma na wachovu, fimbo begani.

Maji ndiyo yatakayokusumbua. Kila ng'ombe hunywa kama lita 30 kwa siku, kwa hiyo kundi linataka lita 900, mapipa manne na nusu. Tuma mtu siku moja mbele ahakikishe lambo halijakauka. Mkifika majini waingize kumi kumi, wadhaifu kwanza, la sivyo wenye pembe watawanyima.

Fika jioni ya kuamkia mnada, wale na wanywe. Anayechechemea tangu bomani mwache nyumbani, maana huyo atakutia kwenye siku ya tano.