Waulize Wataalamu: Mvinyo mweupe wa Dodoma mezani

SWALI: Jumamosi nina wageni. Nimenunua chupa mbili za mvinyo mweupe wa Dodoma, zimeandikwa Chenin Blanc, Dry. Nitapika samaki wa kupaka, wali na kachumbari ya pilipili. Mume wangu anasema mvinyo huu ni mchachu mno, eti nikabadilishe nichukue mtamu. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Shemeji hajakosea kuhusu uchachu, ila uchachu huo ndio unaoufaa mlo wako. Chenin Blanc ni zabibu ya asili ya bonde la Loire, Ufaransa, na hata ikipandwa penye jua kali haipotezi uchachu wake upesi. Dodoma nako kuko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,100, usiku kunapoa, na zabibu huiva bila kupoteza uchachu. Mvinyo wake mkavu (ndio huo Dry, yaani usio na utamu wa sukari) hunukia tufaha bichi na pera, mara nyingine nanasi. Hauna ukakasi wa mwekundu, maana juisi hutenganishwa na maganda kabla ya kuchachushwa.

Tui zito hutanda ulimini. Funda moja la mvinyo huu husafisha mdomo na tonge linalofuata likawa na ladha tena. Shida huanzia kwenye ndimu. Chakula kikiuzidi mvinyo kwa uchachu, mvinyo huonekana chapwa kama maji. Kwa samaki wa kilo moja, ndimu moja ya kumkolezea kabla ya kumchoma inatosha. Ukwaju acha siku hiyo.

Pilipili ndiyo inayoharibu zaidi. Kilevi huongeza mwasho, na mvinyo mkavu hauna sukari ya kuupoza. Ikate pilipili uiweke kwenye kibakuli pembeni, kila mtu ajihudumie. Kama kwenu kachumbari bila pilipili si kachumbari, basi hapo shemeji ameshinda: badilisha chupa moja, uchukue ya nusu-tamu.

Chupa zilezile zinakwenda vizuri na kuku wa kuchoma, perege wa kukaanga, hata chipsi, kwani chumvi na mafuta hupenda kitu kichachu. Mbuzi choma mwachie mwekundu. Kaimati zikifika mezani, ondoa glasi: baada ya shira, mvinyo mkavu huwa kama siki.

SWALI: Hapa Dar mvinyo unapata joto kabla sijamaliza glasi. Niweke barafu?
Msomaji, Temeke

JIBU: Barafu ikiyeyuka inauzimua. Afadhali umimine kidogo kidogo, kama mililita 100, na chupa irudi kwenye ubaridi. Jotoridi zuri ni nyuzi 8 hadi 10: saa mbili au tatu kwenye friji, kisha dakika kumi nje kabla ya kumimina, kwa sababu ukiwa baridi sana haunukii kitu. Una haraka? Ndoo yenye nusu maji na nusu barafu, konzi moja ya chumvi, dakika 20. Usitumie barafu tupu bila maji, haigusi chupa kote. Na friza tunaiogopa. Ukiisahau chupa humo, mvinyo huganda, hutanuka, na kusukuma kizibo au kupasua chupa.

SWALI: Nimekuta chengachenga kama za sukari chini ya chupa. Umeharibika?
Msomaji, Singida

JIBU: La. Hizo ni chembe za asidi ya zabibu zilizoganda kwa baridi, hazina madhara. Simamisha chupa, mimina taratibu.

Ulioharibika utaujua kwa dalili nyingine: rangi imekuwa ya kahawia, kizibo kimechomoza, harufu ni ya tufaha lililopikwa. Hiyo ni kazi ya joto, na hutokea sana kwa chupa zilizosimamishwa dirishani dukani. Chagua ya ndani ya rafu, penye kivuli. Harufu ya boksi lililolowana hutokana na kizibo chenyewe. Huo rudisha dukani, hata kwenye mchuzi haufai.