Tulikaa chini kwa nyasi, hakuna aliyeuliza

SWALI: Mkubwa habari, mimi niko Jinja. Juzi tunaenda Kampala na taksi, hatujafika Lugazi, jamaa mmoja kavaa jaketi ya rifleketa na radiokoli mkononi akasimamisha gari, ati wote shukeni mkae chini, kila mtu elfu mbili ya usalama. Tukakaa kwa nyasi na pesa tukatoa! Na kati yetu kulikuwa na mwalimu, na mzee mmoja mstaafu wa jeshi. Kufika mbele ndio dereva anatuambia yule si polisi, ni kijana wa pale pale. Sasa akili zetu zilienda wapi, ni uoga tu?

JIBU: Uoga upo, nani hamuogopi afande, ila peke yake hautoshi. Kule Brooklyn, New York, mtafiti Leonard Bickman alivalisha vijana wake nguo tofauti wakawa wanaamuru wapita njia vitu vya ovyo tu, okota huo mfuko wa karatasi, mpe yule jamaa senti za kulipia pakingi. Aliyevaa kama askari wa ulinzi alitiiwa kuliko aliyevaa kiraia, na hata akishaondoka zake watu bado wanafanya.

Halafu kuna lile jaribio la mtafiti mwingine, Stanley Milgram, pale chuo kikuu cha Yale, Marekani, kuanzia 1961. Watu 40 waliambiwa na msimamizi wa jaribio wampige mwenzao umeme kila akikosea jibu (umeme ulikuwa wa uongo, wao hawajui), 26 wakafika mpaka volti 450. Wengi hapo wanasema basi binadamu ni kondoo. Mi sikubali, cheki alivyopanga, alianza na volti 15, akapanda 15 kwa 15. Na nyinyi je? Kusimama si kitu, kushuka si kitu, sasa ukishakaa kwa nyasi elfu mbili utaikataa na sababu gani, wakati kushuka ulishuka mwenyewe?

Na Milgram alipowawekea pembeni watu wake wawili wa kukataa wazi wazi, kati ya 40 walifika mwisho 4 tu. Kwenye taksi yenu mwalimu alikuwa anamwangalia mzee, mzee anamwangalia mwalimu, kila mmoja anadhani mwenzake ndio anajua.

Siku ingine kabla hujashuka uliza kwa heshima, kwa sauti wote wasikie, "Afande, unatoka steshoni gani?" Akiwa na bunduki lakini, ssebo, shuka tu, ya volti tutaongea baadaye.