Kutoka Matendo ya Mitume hadi Kengeleni: kuziba mapengo ya historia kwa kijana anayesomea nyumbani

Mwanangu alikuwa na miaka 14 alipoweza kunieleza kwamba meli ya Mayflower ilivuka bahari hadi Marekani mwaka 1620 na abiria 102. Lakini hakujua kwa nini kituo tunachoshukia matatu kila Jumamosi, hapa Mombasa, kinaitwa Kengeleni. Kosa halikuwa lake. Tangu ana miaka saba nilikuwa nikimsomesha nyumbani kwa mtaala wa Kikristo kutoka Marekani, vitabu vya kujaza, kimoja baada ya kingine, na mimi nikisahihisha kwa kalamu nyekundu bila kuuliza ni historia ya nani tunayojaza.

Wazazi wenzangu mnaoanza safari hii na mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa, naandika niliyojifunza kwa kukosea.

Kosa la kwanza lilikuwa kutaka kurudi mwanzo. Niligundua mapengo, nikashikwa na hofu, nikaagiza vitabu vya historia ya dunia kuanzia Misri ya kale. Tulidumu wiki tatu. Kijana wa umri ule akipewa kitabu chenye michoro ya watoto wadogo anajiona ameadhibiwa, na ana haki. Vitabu vile nilimpa jirani.

Kilichotufaa ni karatasi za manila. Niliziunganisha, nikazibandika kwenye korido, nikachora mstari mrefu wa miaka, nikamwambia aweke kila anachokijua bila kufungua kitabu. Nami nilikaa kando na chai yangu, nikanyamaza (hiyo ndiyo sehemu ngumu). Upande wa kabla ya Kristo ulijaa: Ibrahimu, Musa, Daudi, uhamisho wa Babeli. Kisha Yesu, Paulo, Roma. Baada ya hapo karatasi nyeupe tupu, mpaka Martin Luther na hoja zake 95, mwaka 1517. Toka Luther anaruka bahari hadi Marekani na hatoki tena huko. Miaka zaidi ya 1,400 ya kanisa ilikuwa haipo, na Afrika iliishia kwa Farao.

Kwa hiyo usianze na pengo. Anza na kile ambacho mtoto tayari anacho. Wetu alikuwa na Biblia kichwani, basi tukaanzia Matendo 8, kwa yule towashi wa Kushi, mtumishi wa Kandake. Nilimuuliza: alikuwa akirudi wapi? Hakuwahi kufikiria kwamba mtu yule alikuwa na kwao. Tukafungua ramani: Kushi ile ni nchi ya Meroe, Sudan ya leo. Kutoka hapo uzi ulijivuta wenyewe. Falme za Kikristo za Nubia, ambazo zilidumu karne nyingi. Mfalme Ezana wa Aksum, dola ya kale ya Ethiopia, aliyepokea Ukristo katika karne ya 4. Makanisa ya Lalibela, hukohuko Ethiopia, yaliyochongwa ndani ya mwamba. Athanasio, askofu wa Aleksandria huko Misri, na Augustino, mtoto wa Afrika Kaskazini aliyezaliwa mwaka 354. Majina haya mawili alikuwa ameyasikia kanisani, lakini akiamini ni Wazungu.

Na Ethiopia ikatufikisha nyumbani. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifanya kazi huko kabla ya kufukuzwa, akaja Mombasa mwaka 1844. Miezi michache tu baadaye akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga ng'ambo ya kisiwa, Mkomani. Tulikwenda kuliona kaburi. Siku nyingine tukapanda hadi Rabai, alikoanzisha kituo pamoja na mmisionari mwenzake, Rebmann, mwaka 1846. Rebmann ndiye aliyeandika mwaka 1848 kwamba ameona theluji Kilimanjaro, na wataalamu wa Ulaya wakakataa kusadiki. Kijana alicheka sana. Kumbe wenye vitabu nao hukosea.

Kengeleni ilikuja baadaye. Kengele ile ni ya Frere Town, makazi ambayo wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la Kianglikana la Uingereza) waliyafungua miaka ya 1870 kwa watu waliookolewa kutoka utumwani. Husemekana iligongwa kuwaonya watu wakati wa hatari. Hapo ndipo mwanangu alipokutana na jina la Jacob Wainwright, aliyetolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa India, akawa miongoni mwa Waafrika walioubeba mwili wa Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mwingereza, hadi pwani, na mwaka 1874 akahudhuria maziko yake London. Kitabu chetu kilikuwa na ukurasa mzima juu ya Livingstone. Wainwright hakutajwa.

Sasa jambo ambalo wazazi wengi wa Kikristo huliogopa. Historia ya imani yetu ina madoa, na kijana wa miaka 14 hafichiki. Sisi tulikutana nayo Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto wakati baba yake, mtawala wa Mombasa, alipouawa kwa njama ya Wareno mwaka 1614. Walimpeleka Goa, koloni lao huko India, wakamlea, wakambatiza jina Dom Jerónimo, wakamrudisha kutawala. Agosti 1631 akamuua kapteni wa ngome, akarudi kwenye Uislamu, na Wakristo waliokataa kuikana imani yao wakauawa, Waafrika na Wareno pamoja. Mwanangu aliniuliza nani ana makosa. Nilikuwa na jibu la haraka mdomoni, nikalimeza. Nikamwambia aandike ukurasa mmoja kama Yusuf, na mwingine kama mmoja wa waliouawa. Ilimchukua wiki mbili, na ndiyo kazi bora aliyowahi kuniandikia. Baadaye alimsomea rafiki yake Mwislamu wa mtaani, wakabishana hadi magharibi. Ningekuwa nimempa jibu langu, mjadala ungekufa mezani.

Mambo madogo nitayasema haraka. Kama mtoto atafanya mtihani wa taifa au wa nje, tafuta silabasi yake mapema, kwa sababu furaha ya korido haitahiniwi. Usimpe tarehe za kukariri zaidi ya tano kwa mwezi. Na msitumie vitabu peke yake: babu yake alikuwa na miaka 19 bendera ya uhuru wa Kenya ilipopandishwa Desemba 1963, na mchana mmoja wa maswali kwake, simu ikirekodi, ulitupa zaidi ya sura nzima.

Mtaala wenyewe hatukuutupa. Bado anajaza vile vitabu, ila kila akikuta mwaka wowote ana swali la lazima: mwaka huo, huku kwetu kulikuwa na nini? Mayflower sasa inakaa ukutani karibu na Yusuf, miaka 11 kati yao.

Bado kuna sehemu nyeupe. Bara Asia karibu lote halijaguswa, na nilikuwa nimekubali libaki hivyo mwaka huu. Lakini juzi alisoma mahali kwamba mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, akaja jikoni kuniuliza walimlisha nini njiani. Jumatatu tunaanzia hapo.