Tumbili huzaliwa anajua au hufundishwa?

Umeuliza kama mnyama huzaliwa na ujuzi wake au hufundishwa na maisha. Naona swali linatenganisha vitu vinavyofanya kazi pamoja, na ushahidi mzuri kabisa uko Amboseli, Kenya.

Tumbili wa pale wana milio tofauti ya hatari: wa chui, wa tai na wa nyoka. Watafiti Seyfarth, Cheney na Marler waliirekodi, wakaipiga kwa spika iliyofichwa, wakachapisha matokeo mwaka 1980. Ukisikika mlio wa chui, tumbili hukwea mti. Wa tai, hutazama juu au hukimbilia vichakani. Wa nyoka, husimama kwa miguu ya nyuma na kukagua nyasi.

Sasa tazama watoto wao, maana jibu lako liko hapo. Mtoto wa tumbili hutoa mlio wa tai kwa ndege asiye na madhara, hata kwa jani linaloanguka! Lakini hakosei ovyo ovyo: mlio wa tai ni wa vitu vya angani, wa chui ni wa wanyama wa ardhini. Mgawanyo huo mkubwa anakuja nao. Ndege yupi hasa ni wa kuogopwa, hilo hulijua polepole, akiwaangalia wakubwa.

Binadamu naye ni hivyo hivyo: mtoto mchanga hutofautisha sauti za lugha nyingi, kisha hata mwaka haujatimia, masikio yameshaegemea lugha ya nyumbani.