Kabla Hujasema Utangoja, Soma Ripoti ya Baiopsi

Tangu matokeo ya utafiti wa COMET wa Marekani yatoke Desemba 2024, habari zimezunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwamba saratani ya matiti ikigunduliwa mapema haihitaji kisu, inatosha kufuatiliwa. Mdogo wangu aliipata habari hiyo wiki ileile aliyopewa majibu yake hapa Nairobi. "Dada, mimi nitangoja kwanza," akaniambia.

Utafiti ule haukuhusu saratani kama yake. Ulihusu hatua sifuri, yaani DCIS, ambapo seli mbaya bado zimo ndani ya mirija ya maziwa, hazijapenya ukuta. Na si DCIS zote: ni za gredi ya 1 au 2 (zisizokua kwa kasi), zenye vipokezi vya homoni (yaani hukuzwa na homoni), zisizo na wingi wa HER2 (protini inayochochea seli kukua), kwa wanawake wa miaka 40 na zaidi. Baada ya miaka 2, saratani iliyopenya ilipatikana kwa 4.2% ya waliopangiwa kufuatiliwa, na 5.9% ya waliopangiwa matibabu ya kawaida, yaani upasuaji. Matokeo yanatia moyo, ingawa kwangu miaka 2 bado ni michache.

DCIS kwa kawaida haishikiki. Huonekana kwenye mamogramu kama chembechembe nyeupe za kalisi. Sisi huku wengi hufika hospitali kwa sababu tumeshika uvimbe tukioga, na ndivyo ilivyokuwa kwa mdogo wangu. Kwenye ripoti yake ya baiopsi, yaani kipimo cha kipande cha uvimbe, kulikuwa na neno "invasive", maana yake iliyopenya. Litafute kwenye yako. Ukiona "in situ" (bado imo ndani ya mrija) peke yake, mazungumzo ni mengine.

Daktari aligeuza bahasha ya mamogramu, akachora mrija kwa kalamu, kisha akatia kitone nje ya mstari. "Kimeshatoka," akasema. "Kikitoka kinaweza kufika kwenye tezi za kwapani, na zaidi ya hapo." Mdogo wangu aliitazama ile picha kwa muda mrefu, halafu akauliza tarehe ya upasuaji.

Aliondolewa uvimbe na tezi chache, titi likabaki, kisha akapata mionzi. Wengi hudhani upasuaji maana yake ni kukatwa titi lote, na hofu hiyo ndiyo inayowaweka nyumbani. Muulize daktari waziwazi kama titi linaweza kubaki. Wiki chache za kukamilisha vipimo, kufuatilia idhini ya SHA (bima ya afya ya serikali) na kuchangisha hazidhuru. Miezi ndiyo hudhuru.

Na kama kweli ni DCIS ya hatari ndogo? Kufuatiliwa si kukaa bure. Katika COMET walipigwa mamogramu ya titi hilo kila miezi 6, na wengi walimeza pia vidonge vya kuzuia homoni. Wataalamu wawili wa patholojia, wanaosoma sampuli za baiopsi, walipaswa kukubaliana kwanza, kwa hiyo nawe omba sampuli yako isomwe na mtaalamu wa pili; ni haki yako. Weka picha zote za zamani, maana daktari hulinganisha. Kisha hesabu gharama bila kujidanganya. Kama huna hakika ya pesa za mamogramu kila nusu mwaka, au unaishi mbali na mashine, mimi ningekushauri upasuliwe sasa.