Kuandika siri za nyumbani katika kitabu cha maisha yangu

SWALI: Assalaam alaykum Shekhe. Ninaandika kitabu cha maisha yangu. Marehemu baba alikuwa akinywa pombe kwa siri. Alipofariki, ami akauza nyumba tuliyoachiwa tukiwa wadogo, na pesa hatukuziona. Tena mjomba wetu wa mwisho, nimekuja kujua ukubwani, si mtoto wa nyanya: alizaliwa na mama mdogo kabla hajaolewa, nyanya akamlea kama wake. Mwenyewe hajui. Mama ameshaniapiza kwamba ya ndani hayatoki nje. Mimi naona kunyamaza ndiko kulikotuumiza. Nikibadilisha majina, naruhusiwa kuandika?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullah. Mwanangu, barua yako niliisoma mara mbili. Mtaa na mwaka uliovitaja nimevifuta, maana na mimi ninayejibu hadharani nina fungu langu katika kusitiri.

Nianze na majina, kwa kuwa hapo ndipo ulipoweka tegemeo lako. Imamu Nawawi katika kitabu chake Al-Adhkar ameeleza kuwa kusengenya si kwa ulimi peke yake: hata maandishi, hata ishara ya jicho, mradi msikilizaji amemjua anayekusudiwa. Sasa wewe ukimwita ami Salim, ukataja duka lake la pembeni na mguu wake wa kuchechemea, mji mzima umeshamjua. Jina hapo halijasitiri kitu.

Siri zako ni tatu, na hukumu zake hazifanani.

Ya baba nyepesi. Nimeosha maiti miaka mingi. Shuka hutandikwa toka kitovuni hadi magotini, maji yakamiminwa juu yake, na mkono unaopita chini ya shuka umevishwa kitambaa. Muoshaji akiona la kuchukiza, akitoka hamwambii mtu, hata mtoto wa marehemu. Wewe kalamu yako ndiyo hicho kitambaa. Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokea katika Bukhari kwamba maiti wasitukanwe, kwani wameshayafikia waliyoyatanguliza. Chupa alizoficha baba ziache zilipo. Lakini kama ulevi ule ulikufikia wewe, kwa kipigo au kwa karo iliyokosekana, andika kilichokufikia.

Ya ami ni haki yako. Allah amesema katika Suratun Nisaa, aya ya 148, kuwa hapendi maneno mabaya yatangazwe ila kwa aliyedhulumiwa. Hindi binti Utba alimshitaki mumewe Abu Sufyan mbele ya Mtume kuwa ni bahili, na Mtume hakumwambia kuwa amesengenya. Andika basi: nyumba ilikuwa ipi, nani aliuza, nyinyi mlikuwa na umri gani. Usivuke ukaingia chumbani kwake na kwa wake zake, huko hakukudhulumu. Na kabla ya kitabu, hati ya nyumba ipelekeni kwa Kadhi. Mirathi ndiyo kazi yake, na msomaji hawezi kukurudishia hata tofali moja. Ukipenda kusamehe, mtazame Nabii Yusuf: siku wazazi wake walipofika Misri alitaja kutolewa gerezani, kisima alimotupwa na ndugu zake hakukitaja, kwa kuwa ndugu hao walikuwa wamesimama pale pale. Hilo ni fadhila, mwanangu, silo sharti.

Ya mjomba ndiyo iliyoninyima usingizi. Kuandika kwamba mama mdogo alizaa kabla ya ndoa ni kumtuhumu zina, na anayemtuhumu mwanamke bila mashahidi 4 amejiingiza katika kadhf, dhambi kubwa yenye adhabu yake ndani ya Qur'ani. Mambo hayo Allah amemsitiri miaka yote hii. Kitabuni hayaingii, hata kwa fumbo.

Lakini mama naye amekosea akidhani yatazikwa. Huyo mnayemwita mjomba ni mtoto wa mama yako mdogo, kwa hiyo kwako ni binamu, si maharimu, yaani si ndugu aliyeharamishwa kukuoa. Unakaa naye kichwa wazi tangu utotoni! Ila kama nyanya alimnyonyesha mara 5 kabla hajatimiza miaka 2, hapo amekuwa mjomba wako wa kunyonya, muulizeni nyanya. Kisha kuna mirathi. Nyanya akifa, atahesabiwa mtoto wa kiume na kuchukua mara mbili ya kila binti, ilhali mjukuu wa upande wa binti hana fungu mabinti wakiwepo. Na mama yake wa kweli akifa, yeye mwenye haki ataambiwa ni ndugu tu. Allah ameamrisha katika Suratul Ahzab watu waitwe kwa nasaba zao. Zaid bin Haritha, mtoto wa kulea wa Mtume, aliyekuwa akiitwa Zaid bin Muhammad alirudishiwa jina la babake. Nyanya yu hai, na akiwa hai anaweza kumpa hiba, yaani zawadi ya mali, au kumuusia hadi thuluthi ya mali yake, asije akatoka mikono mitupu baada ya kulelewa kama mwana.

Kwa hiyo hilo lina mahali pa kusemwa, napo ni pale chumbani kwa nyanya, mlango umefungwa, na mama mdogo ndiye aseme. Nenda kwake kwanza, peke yako, na daftari liache nyumbani.

Wallahu aalam.