Taaffeite sio spineli

Hapana, uliyeuliza kama taaffeite, lile jiwe la thamani, ni spineli tu (nayo ni jiwe la thamani) iliyopewa jina la bei mbaya, ni madini mawili tofauti kabisa ila kwa macho yanakuchanganya vibaya. Mwaka 1945 mtaalamu wa vito Richard Taaffe alikuwa Dublin anachambua mawe yaliyokwisha kukatwa, akakuta kamoja ka zambarau hafifu, akidhani spineli, lakini kwenye lenzi vitu vilivyomo vinaonekana viwiliviwili, yaani jiwe linagawa mwanga mara mbili, na spineli haigawi mwanga hivyo hata kidogo! Akakatuma London kupimwa, kumbe madini mapya, yana beriliamu pamoja na magnesiamu na alumini. Ugumu ni 8 hadi 8.5, karibu sawa na spineli, kwahiyo kupima kwa kukwaruza sahau, angalia kama mwanga unagawanyika.